Boljointi "orijino" za Mtwara mjini, aisee nimekoma

Naanza na muuzaji kwanza, maana boljointi yenyewe (kile kiungo kinachoshikilia tairi la mbele huku likigeuka na kupanda-kushuka) ni chuma tu, haina roho na haijui kama ni feki. Duka liko hapa hapa Mtwara mjini, jina silitaji, lina kaunta ya vioo na maboksi yamepangwa mpaka darini. Msimu wa korosho uliopita nilienda pale na fundi wangu kutafuta boljointi za chini za Hilux Vigo, mbele kulikuwa kunagonga kila nikipita shimo na tairi la kushoto linalika kwa ndani. Jamaa akatoa boksi limeandikwa Japan kila upande, nikamuuliza hii kweli orijino? Akajibu "njomba, humu ndani siuzi Mchina." Na bei ilikuwa ya orijino kweli, laki na nusu kwa pea, sikupunguziwa hata mia. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, naambiwa mashine haina mtandao, pitia kesho. Kesho yenyewe ndo mpaka leo.

Hazikumaliza msimu. Natoka Tandahimba na gunia za makopa, nimeshafika kwenye zile dayavesheni kabla ya Mnivata, spidi ya kutambaa tu namshukuru Mungu, nikasikia kishindo kushoto na pua ya gari ikalala chini. Kushuka nakuta tairi limelalia nje limekula madigadi, ekseli imechomoka, mpira wa breki umekatika na oili inamwagika kwenye vumbi. Ile pini yenye kichwa cha duara ilikuwa imetoka nzima nzima kwenye kikombe chake. Fundi alipofika na bodaboda akaikwangua kwa bisibisi akanionyesha, grisi ya ndani imekauka imekuwa kahawia na mchanga humo humo, mpira wa kufunikia umechanika kwenye mkunjo, na ukingo wa kikombe ni mwembamba umefunguka tu. Kwenye chuma hakuna namba wala chapa, Japan ilikuwa ya kwenye boksi. Ningekuwa kwenye lami ya Lindi natembea 90 sa hizi mngekuwa mnakula pilau la arobaini yangu.

Nikatia mabaki kwenye rambo pamoja na boksi lake nikarudi dukani. Jamaa yuko na simu, hakuinua hata uso. Nikaiweka juu ya kaunta, akaishika kwa vidole viwili kama kaokota panya, akasema "hii sio ya kwangu." Nikamwambia kaka boksi lake hili hapa, bei umeiandika mwenyewe kwa kalamu. "Boksi hata mtoto anaokota jalalani." Alafu ndo akaniuliza ulibeba tani ngapi, nikamwambia gunia 10 za makopa, hata tani hazifiki, akasema basi umeua mwenyewe, Hilux sio Fuso. Vijana waliokuwa wanacheza drafti barazani wakaangua kicheko. Jamani mimi nina watoto wa umri wake, shikamoo sikupewa, pole ya ajali sikupewa. Laki na nusu nitaitafuta nyingine lakini ile pole aliyoninyima inaniuma mpaka leo.

Kuna mtu kaniambia nenda FCC, ndo wanaoshughulika na bidhaa bandia. Sawa, na risiti je? Nikaonyeshe rambo?

Na hiyo hoja ya mzigo naikataa. Kwenye Vigo springi imekalia mkono wa chini, ule wa chuma unaoshika tairi kwa chini, kwa hiyo uzito wote wa mbele unapita kwenye boljointi ya chini, ya juu kazi yake ni kushikilia tu. Ndo maana mtu unatafuta nzuri, ibebe! Pikapu isiyobeba si bora ninunue IST, kagari kadogo ka mjini.

Wiki ile nilimwambia kila mtu spea mpya mkoa huu ni takataka zote, sinunui tena, naagiza Kariakoo. Fundi akanicheka, akaniuliza nani kakwambia Kariakoo hakuna feki? Mwisho nikapata Masasi kwa dada mmoja ana kijiduka kidogo hata rafu hazijajaa, 555 ile ya Sankei, chapa ya Kijapani, na huyu dada ndo alinishangaza. Hakusifia kitu. Akafungua boksi akanipa mkononi, "shika baba, zungusha." Pini ikawa nzito, inazunguka kwa ubishi lakini laini, haikwami kwaruu kwaruu, na ukiitikisa haichezi. Chapa imegongwa kwenye chuma chenyewe, mpira mnene una ringi ya kuubana juu na chini, nati na spliti pini yake mpya humo ndani. Nikakumbuka zile za mwanzo pini ilikuwa inalala yenyewe kama imechoka, tukasema aah laini hii, kumbe ndo ugonjwa wenyewe. Na kanipa risiti bila kuombwa.

Fundi akafunga zote mbili, akaweka jeki chini ya mkono wa chini tairi likaelea kidogo, akaingiza mtalimbo chini ya tairi akanyanyua kuona kama boljointi inacheza. Kimya. Tukaenda alaimenti, gari inanyooka.

Kwa hiyo namsifia dada wa Masasi, ila sitaki mtu aje kunidai kwamba nilisema orijino haifi. Toyota wenyewe mwaka 2005 waliziita zirudi kutengenezwa pikapu zao za Tacoma na Tundra kibao kule Marekani kwa ajili ya boljointi za mbele hizi hizi, na hizo zilitoka nazo kiwandani, sio za kaunta ya vioo. Ndo maana namlipa fundi ashike mtalimbo kila gari ikija kumwaga oili, hata akiniona naharaka.

Sa hivi nimeanza kusikia kamlio upande wa kulia nikikata kona. Fundi anasema ni bushi za stebilaiza tu, vile vimpira vya ile fimbo ya kuzuia gari isilale kwenye kona. Ikiwa ni boljointi, basi sifa zote za juu hapo nazifuta, dada atanisamehe. Ila yule wa kaunta ya vioo abaki hivyo hivyo.