Telekonveta ya Fujifilm X100: kabla hujatuma hela, uliza ni toleo la ngapi

Malalamiko yamekuwa mengi, kwa hiyo nayajibu hapa kwa pamoja. Mtu ananunua mtandaoni telekonveta, yaani lenzi ya nyongeza ya kukuza picha, ya kamera ya X100, inafika, inakaza vizuri kwenye kamera, anaenda nayo send-off. Akifungua picha nyumbani anakuta shangazi aliyesimama pembeni amekatwa bega, na bibi mzaa mama hayumo kabisa. Anaamini ameuziwa lenzi mbovu. Lenzi ni nzima, ila ameuziwa toleo la kwanza kwa bei ya toleo la pili.

Kwa wasioifahamu: X100 zote, tangu ile ya 2011 hadi X100VI ya 2024, zina lenzi moja isiyotoka, ya milimita 23, ambayo kwa hesabu ya kamera za filamu ni sawa na 35. Telekonveta unaikaza mbele yake baada ya kufungua ile pete ndogo. Inakuza mara 1.4, ukaona kama uliyeshika lenzi ya 50, masafa matamu kwa sura za watu. Na kwa kuwa inakaa mbele, haili mwanga: f/2, yaani kipimo cha mwanga unaoingia, inabaki f/2. Zile za kamera za kubadilisha lenzi hukaa nyuma ya lenzi, na ya mara 1.4 hukunyang'anya nusu ya mwanga.

Ukali wa picha, rangi na uzito vimeshaandikwa sana, sitavigusa. Mimi nina swali moja ambalo sioni watu wakiliuliza: je, kamera inajua kwamba umeifunga?

Toleo la kwanza, TCL-X100, halina namna ya kuiambia. Lazima wewe mwenyewe uingie kwenye menyu uchague TELE, na ukiifungua urudi tena uondoe. Toleo la pili, TCL-X100 II, lililotoka 2017 pamoja na X100F, lina sumaku ndogo. X100F, X100V na X100VI zinaihisi na kujirekebisha zenyewe. Vioo vya ndani ni vilevile, kwa hiyo wauzaji hukwambia hakuna tofauti.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Ukichungulia kwenye kitundu cha kioo cha X100 unaona mstari mweupe unaokuonyesha mwisho wa picha. Kama kamera haijui kuna telekonveta, mstari ule unabaki wa 35 wakati lenzi inapiga 50. Unapanga ukoo mzima ndani ya mstari, unabonyeza, na waliosimama pembeni wote wanapotea. Hapo ndipo shangazi alipokatwa bega. Kwenye X100VI kuna la zaidi: kifaa cha kutuliza mtikisiko hufanya hesabu kwa urefu wa lenzi, na ukikipa urefu usio sahihi hakitulizi inavyotakiwa. Kinyume chake ni kibaya vilevile. Umefungua telekonveta, menyu imebaki TELE, na kuanzia hapo kila JPEG inanyooshwa kwa vipimo vya lenzi ambayo haipo. Ukumbini, MC anaharakisha na keki inakatwa, nani atakumbuka menyu?

Ndiyo maana namba moja kwangu, bila kuzunguka, ni TCL-X100 II. Mimi ni mtu wa Fujifilm na sifichi. Kama una F, V au VI, nunua hii au subiri hadi uipate. Jua tu kwamba ikifungwa inaziba kona ya chini kulia ya kitundu cha kioo, na kwamba filta yake ni ya milimita 67, kwa hiyo zile zako za 49 hazitaingia. Wenye V na VI, mkitoa pete na filta ili kuifunga, ile kinga ya vumbi na manyunyu inaondoka nayo. Ufukweni, fanya kazi hiyo ndani ya gari.

Namba mbili ni toleo la kwanza, kwa mwenye X100, X100S au X100T tu. Kamera hizo hazihisi sumaku hata ukizipa toleo la pili, kwa hiyo usilipe ziada. Wapo waliobandika sumaku zao kwenye toleo la kwanza ili F na V ziitambue. Ni ufundi mzuri, lakini usimlipe mtu bei ya II kwa gundi yake.

Namba tatu ni kutonunua kitu. X100VI ina megapikseli 40, na ukikata hadi 50 unabakiwa na kama 20. Kwa picha za simu zinatosha. Ila umetupa nusu ya sensa, na usiku chenga zitakuonyesha.

Nje ya Fujifilm, Ricoh wana telekonveta ya GT-2 kwa kamera yao ya GR IIIx, ambayo inahitaji adapta yake. Wenye kamera za Olympus TG wana TCON-T01 ya mara 1.7, nzuri kwa watu wa majini, nayo inataka adapta, na menyu unaiweka kwa mkono. Zile za bei chee zilizoandikwa 2.2x, za kufunga kwenye kamera yoyote, pita. Kamera haizijui na pembe za picha ni ukungu.

Sasa wauzaji. Tangazo linasema “TCL X100 original, mpya kabisa”, picha imepigwa upande ambao jina halisomeki, na bei ni njoo DM. Ukifika DM unaulizwa uko wapi na una bajeti gani. Bei inapangwa kwa sura yako! Mawinga wa Kariakoo angalau unawaona machoni na unaweza kushika kitu mkononi. Najua mzigo una gharama: Marekani II ilitoka kwa dola 349 hivi, ongeza usafiri, ongeza VAT ya asilimia 18. Lakini gharama hizo haziwezi kugeuza toleo la kwanza likawa la pili.

Omba picha ya maandishi kwenye duara la lenzi, yasomeke “II”. Mkionana, njoo na kamera yako, weka menyu kwenye OFF, kaza telekonveta, washa. Kama kamera ni F, V au VI na haijabadilika yenyewe, rudisha pesa mfukoni, hata kama muuzaji amekwambia boda imeshalipwa.