Kromu au nyeusi tii kwenye pikipiki ya safari ndefu

Harley-Davidson, kampuni ya pikipiki ya Marekani, ilipoleta Street Glide na Road Glide mpya za mwaka 2024, mnunuzi aliachiwa achague: vyuma vinavyong'aa kwa kromu, au vyeusi tii kwa nyongeza ya bei. Ajabu kidogo, kulipa zaidi ili chombo king'ae kidogo!

Kromu ya mapambo ni utando mwembamba mno, mara nyingi haufiki hata mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Anayezuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake. Ndiyo maana jiwe likitoboa na ukapuuza, maji ya chumvi hupenya, kutu ikachomoza kama chunusi, kisha ganda likaanza kubanduka. Hapo brashi haisaidii. Ni kukifungua kifaa na kukichovya kromu upya. Lakini ukiitunza, kitambaa laini na maji ya sabuni vinatosha kurudisha mng'ao.

Nyeusi nayo isikudanganye kwamba inaficha uchafu. Vumbi huonekana toka mbali, na ukipangusa kwa kitambaa kikavu unaacha mikwaruzo ya duara ambayo jua la asubuhi huianika yote. Uzuri wake ni kwamba mwanga haukurudii machoni kutoka kwenye usukani, na doa dogo unalipaka mwenyewe.

Eksozi ina mambo yake. Kromu hugeuka bluu karibu na injini kwa joto. Rangi nyeusi ya kawaida huungua, inataka ile ya kauri inayovumilia joto. Mimi ningechukua injini nyeusi, eksozi ya kromu.