Quest 3 na 3D Organon kwa anatomia: inalipa, ila kadava (maiti ya kujifunzia) msiiache

Jamani wa MD (udaktari), unesi na fiziotherapia, wengi mnaniuliza kama hii 3D Organon, programu ya anatomia tunayotumia kwenye miwani ya VR ya Quest 3, inalipa. Kiukweli inalipa, hasa kwa yale mambo ambayo kitabuni yamebanwa tu kwenye karatasi.

Chukua brakio pleksasi, ule mtandao wa neva za mkono unaotutesa wote. Kitabuni ni mistari kutoka neva za uti wa mgongo C5 mpaka T1, unakariri, mtihani ukiisha imeyeyuka. Humu unaondoa msuli wa pektorali kwa kontrola, unatoa na mtulinga, unaziona neva zinachomoza katikati ya misuli ya skaleni pale shingoni, zinapita nyuma ya mtulinga mpaka kwapani na zile kordi tatu (mafungu ya neva) zimeizunguka ateri ya aksilari, moja nje, moja ndani, moja nyuma. Ukifuata ile ya nyuma unaikuta neva radiali inavyoukumbatia humerasi, mfupa wa mkono wa juu, sa hapo ndo unaelewa kwa nini mtu akivunjika humerasi katikati kiganja kinalegea hawezi kukinyanyua. Aisee hiyo haitoki kichwani tena.

Fiziolojia ndo bado. Moyo unadunda mbele yako, vizuri, lakini ili ujue kwamba mililita 70 kwa kila pigo mara mapigo 70 ni karibu lita 5 kwa dakika, na kitatokea nini mgonjwa akipoteza damu, hapo kaa chini na daftari.

Na kadava msiiache kabisa. Kwenye VR neva ni njano, ateri nyekundu, kila kitu kinajitangaza. Kwenye kadava vyote vimefifia, inabidi uguse, neva unaisikia kama uzi mgumu, ateri ina uwazi ndani, na kila mwili una matawi yake tofauti wakati huyu wa kwenye programu ni yuleyule kila siku. Mi VR naipenda jioni kabla ya disekshen ya kadava, unaingia kesho yake unajua unatafuta nini.

Kichwa kikizunguka, kaa kwenye kiti ugeuze kiungo kwa mkono badala ya kutembeatembea. Chaji ya miwani inakaa kama masaa mawili hivi, na msiiache dirishani, jua likipiga kwenye lenzi linaua skrini. Bei ilipotoka 2023 ilikuwa dola 500, ushuru bado, na programu inalipiwa pembeni, kwa hiyo mwanafunzi usijikamue, bora chuo kinunue chache mpokezane.