Seti ya mshipi wa mkono kwa boti za tanga: nimeitumia safarini, haya ndo maoni yangu

Kama unasafiri kwa boti ya tanga na shida yako ni kitoweo, basi anza na hii seti ya mshipi wa mkono kabla hujafikiria fimbo ya kuvulia na rili yake (kile kifaa cha kukunjia uzi). Mi naisema hivi mapema ili asiye na muda aondoke na jibu lake, wenye muda twende taratibu maana ina mazuri yake na ina madudu ambayo lazima uyabadilishe kabla hujaishusha majini.

Ndani ya boksi kuna gurudumu la plastiki la kukunjia, mshipi wa nailoni nene wa milimita 2 hivi, kamba ya mpira, swiveli mbili (vile vichuma vinavyozunguka ili mshipi usijisokote), kipande cha waya, ngisi wawili wa mpira na kile kijiti cha mwerezi chenye kichwa cha madini ya risasi. Na karatasi ya maelekezo ambayo nitaisema baadaye maana imeniudhi.

Huo unene wa mshipi unawashangaza watu. Mtu anauliza sa uzi mnene huu wa nini, samaki si atauona? Jamani, huku hatuvui kwa kumvizia samaki. Boti inaenda noti (kipimo cha mwendo wa chombo majini) 5, 6, pengine 7, chambo kinakimbia nyuma yake, faulusi au jodari anakiona kwa sekunde chache tu anaamua ale au asile, hana muda wa kukagua uzi. Unene ni kwa ajili ya mikono yako. Uzi mwembamba ukivutwa na samaki wa kilo 10 wakati boti bado inatembea unakata nyama mpaka mfupani, na ule wa kusuka ndo hatari kabisa, hata na glavu usiuvute. Huu wa milimita 2 unashikika, unaubana kiganjani na unavuta, unabeba zaidi ya kilo 100 na hauna kona kali. Ila glavu vaa, na usiuzungushe mkononi hata mara moja hata kama samaki ni mdogo, maana akija papa nyuma yake akamdaka, hicho kitanzi kinabaki na vidole vyako.

Sababu kubwa ya kuupenda mshipi wa mkono ni namna boti ya tanga ilivyo. Boti ya injini samaki akinasa unatoa gesi, inasimama, unamchezesha unavyotaka. Sisi tukiwa na upepo wa nyuma na tanga la mbele limefunguliwa hadi mwisho huwezi kusimama ghafla, kupunguza mwendo tu ni kazi ya watu wawili, na mara nyingi mwenzako amelala maana zamu yake imeisha saa kumi alfajiri. Fimbo inataka mtu aiangalie, airekebishe breki ya rili, asimame nayo wakati boti inalala upande huu na ule. Mshipi wa mkono unaufunga huko tezini, yaani nyuma ya boti, kwenye chuma imara na unaendelea na shughuli zako, boti yenyewe ndo inavua.

Sasa kamba ya mpira, hii ndo roho ya seti nzima na nataka niieleze vizuri kwa sababu wengi wanaifunga vibaya. Mshipi wenyewe unafungwa moja kwa moja kwenye chuma cha boti, ule mpira unafungwa pembeni yake kama mkato, yaani mwanzo wake kwenye chuma kilekile na mwisho wake mita moja na nusu mbele kwenye mshipi, halafu kati hapo unaacha mshipi umelegea umening'inia. Samaki akipiga, mpira unanyooka kwanza, unameza ule mshtuko ambao ungemrarua mdomo au kunyoosha ndoana, na ukifika mwisho wake ule mshipi uliolegea unakaza na kubeba mzigo. Kwa hiyo hata mpira ukikatika samaki bado unaye. Na ukiwa mbali, ukitupa jicho tu ukaona mpira umenyooka unajua kuna mtu mezani. Mi naongeza kibanio cha nguo na kopo tupu lenye nati mbili tatu za chuma ndani, mpira ukinyooka kopo linaanguka kwenye sakafu ya boti na hata aliyelala anasikia.

Mpira wao ni mzuri, umefunikwa kitambaa, jua halijaula haraka. Mwisho wake umebanwa kwa waya mwembamba tu, huo nimeuondoa nikashona kwa uzi wa tanga. Hapo naona mtengenezaji alibana matumizi mahali pasipostahili.

Na hajaishia hapo. Ndoana zilizokuja ni za ncha tatu, nyembamba, na zinashika kutu ndani ya muda mfupi sana. Kwa mwendo wa boti ya tanga ndoana ya ncha tatu inakunjuka, inakusanya majani ya baharini, na wakati wa kumtoa samaki anayeruka ruka kwenye sakafu ncha mbili zilizobaki wazi zinatafuta mguu wako. Weka ndoana moja nene ya ncha moja, inashika vizuri zaidi. Swiveli pia zilikuwa za kushuku, moja ilikwama na mshipi ukajisokota wote, ukiuachia unajikunja vitanzi juu ya vitanzi mpaka unataka kulia. Nunua zenye belingi ndani. Sehemu hizi mbili ndo sababu siipi nyota 5, kwa sababu mshipi wote ni sawa na nguvu ya kile kidogo kilicho dhaifu, na wao wameweka mshipi wa kuvuta papa halafu ndoana ya kuvulia dagaa.

Chambo wametoa vizuri. Hicho kijiti cha mwerezi hakina rangi, hakina macho, hakina manyoya, ukikiona dukani utacheka, lakini ni chambo cha zamani sana na jodari wanakipenda kuliko vinavyong'aa. Kinayumba yumba chini kidogo ya maji kama samaki mdogo aliyeumia. Ngisi wa mpira mi namtumia zaidi kwa faulusi, wa kijani na njano mchana, mweusi na zambarau jua likiwa chini. Wengine watakuambia rangi ndo kila kitu, mi naamini zaidi muda na mahali: alfajiri na jioni, kwenye mstari wa majani yanayoelea, karibu na gogo au boya lililopotea, na pale ndege wanapojitupa majini. Faulusi anapenda sana kivuli cha kitu kinachoelea, kiasi kwamba Steven Callahan, yule Mmarekani aliyekaa siku 76 kwenye boti ya uokozi katika Atlantiki mwaka 1982, faulusi walimfuata chini ya boti yake na yeye aliishi kwa kuwachoma.

Umbali usiumize kichwa. Urefu wa boti mara tatu hadi tano nyuma inatosha, la msingi ni chambo kisikae ndani ya povu zito la boti yenyewe bali pale maji yanapoanza kutulia, na kiache mkia wa mapovu madogo huku kikitokeza juu mara chache. Kikiruka ruka muda wote, ongeza urefu au uzito. Kibao cha kuzamisha chambo hakimo kwenye seti, ila mwendo wako ukipita noti 7 utakihitaji.

Waya waliotoa utumie tu mkiwa kwenye maji ya nguru au mzia, maana meno yao yanakata nailoni kama wembe. Kwa jodari na faulusi uache, nailoni inatosha.

Kumleta samaki ndani ndo penye kazi. Kunja tanga la mbele, elekeza boti kidogo kwenye upepo ipungue mwendo, lakini usisimame kabisa maana mshipi ukilegea samaki anatema ndoana. Vuta mkono kwa mkono, mshipi uudondoshe kwenye ndoo au beseni, siyo miguuni. Faulusi akifika karibu utamwona ubavu wake unawaka kijani, bluu na dhahabu kwa wakati mmoja, anakimbia kushoto, anarudi, anaruka, na hapo ndo wengi wanapotea kwa sababu mtu anashangaa uzuri badala ya kuendelea kuvuta. Kulabu mpige nyuma ya kichwa, muinue kwa mwendo mmoja, mfunike macho na kitambaa kilicholowa. Wapo mabaharia wanaommiminia pombe kali kwenye mashavu na anatulia, mi napendelea kumpiga kichwani haraka asiteseke. Zile rangi zinaanza kuondoka palepale, dhahabu inakuwa kijivu ukiwa unaangalia, na mi sijawahi kuzoea hilo, kwa hiyo nikishapata mmoja wa kututosha naukunja mshipi hata kama wengine bado wanaruka pale nyuma. Faulusi hukua haraka na huishi miaka michache tu, tofauti na samaki wengi wakubwa, lakini hiyo si ruhusa ya kujaza sakafu nyama ambayo friji ya boti haiwezi kuibeba.

Nirudi kwenye ile karatasi. Imeandika kurasa mbili za namna ya kufunga fundo na haina hata mstari mmoja kuhusu kumtunza samaki ukishamtoa, wakati hapo ndo watu wanapoumia. Jodari, sehewa na jamaa zao, na hata faulusi, wana histidini nyingi kwenye nyama (ni kijenzi kimoja cha protini). Samaki akiachwa juani bakteria wanaigeuza kuwa histamini, kemikali inayodhuru, na histamini ikishajitengeneza haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Unakula, baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, ngozi inawasha, na mko maili mia kadhaa kutoka hospitali. Jodari tena ana mwili wa joto kuliko maji yanayomzunguka, na purukushani za kwenye mshipi zinampandisha joto zaidi. Kwa hiyo mkate mashavu damu itoke mara moja, mtoe matumbo, mkate vipande uweke kwenye ubaridi wa nyuzi 4 au chini. Kama hamna barafu wala friji, kuleni sasa hivi na mnachobakiza kitieni chumvi mkaanike vipande vyembamba.

La pili lisilokuwepo: samaki wa miambani katika bahari za joto. Ukikatiza karibu na miamba ya matumbawe mshipi huu huu utakuletea mzia mkubwa, na mzia mkubwa wa miambani anaweza kuwa na sumu ya sigwatera, ambayo haina harufu, haina ladha, na moto hauiui. Vile vipimo vya kuangalia kama nzi anatua au sarafu ya fedha inageuka rangi havifanyi kazi, msidanganywe. Mi nikikaribia miamba naukunja mshipi, nikiwa bahari kuu naushusha.

Tukiilinganisha na fimbo: fimbo ina raha yake, sibishi, na mtu anayependa mchezo wa kumchosha samaki atachoka na mshipi wa mkono ndani ya wiki. Rili nzuri pia inakupa nafasi kwa samaki mkubwa kwa sababu inamwachia uzi akimbie, huku kwetu hakuna kuachia, ni mvutano tu, akija nduaro ama ndoana inanyooka ama unakata mshipi. Kisu kiwe karibu kila mara, nasisitiza. Lakini rili inataka kuoshwa maji matamu kila siku, na maji matamu baharini ni ya kunywa. Gurudumu la plastiki halitaki kitu.

Mambo madogo. Kunja mshipi kabla ya kuwasha injini, hasa kabla ya kurudi nyuma, maana nailoni hii ikiingia kwenye propela ni mtu kuzama na kisu. Kama una jenereta ya kuburuta majini au usukani wa upepo wenye pala nyuma, mshipi uende upande wa pili wa tezi. Ndege wakianza kukizengea chambo, kiingize ndani wapite. Ukiingia maji ya nchi yoyote ulizia kibali cha kuvua na maeneo ya hifadhi, nchi nyingi hazichukulii mshipi nyuma ya boti kama utani. Na vipande vya nailoni ulivyokata vibaki kwenye boti mpaka bandarini, kutupa plastiki yoyote baharini kumekatazwa kimataifa tangu 1988, na kasa hajui tofauti ya mshipi na jani.

Nyota 4. Ukiinunua, siku hiyohiyo nunua ndoana nene za ncha moja, swiveli mbili za belingi na glavu za ngozi, na kulabu ndefu kama boti yenu ina ubavu wa juu, maana hiyo haimo kwenye boksi na bila kulabu utakuwa unamwaga samaki pale pale mlangoni.