Kozi ya fasihi ya kumbukumbu za mauaji ya kimbari, kwa mnaouliza kama muichukue

Assalam alaykum. Watu wengi wananiuliza inboksi kuhusu ile kozi ya hiari ya mwaka wa tatu pale chuoni kwetu, ya fasihi na kumbukumbu za kurithi, basi naandika hapa mara moja kila mtu asome. Ichukueni. Ila asaimenti yake kubwa ina kasoro na ntaisema waziwazi.

Kwanza mjue historia yenyewe inapitiwa haraka, mwaka gani na wangapi walikufa mtasoma wenyewe. Kozi inawahusu waliozaliwa baada ya jambo kwisha, au walikuwa mbali nalo, wakaja kulikuta limekaa ndani ya nyumba yao. Kuna mtaalamu anaitwa Marianne Hirsch, tokea miaka ya 1990 anaeleza kwamba mtu anaweza akabeba kumbukumbu ya kitu asichokiona kwa macho yake, imemfikia kwa picha, kwa hadithi, kwa tabia za wazee wake. Nadharia mwalimu kaigusa tu, akatutia kwenye vitabu, na hapo ndo kozi ilipotushika khasa.

Tulianza na Maus ya Art Spiegelman. Ni kitabu cha katuni, Mayahudi wamechorwa panya na Wajerumani paka, na darasani wengi walidhani ni mambo ya kitoto. Spiegelman kazaliwa 1948, Vita vya Pili vya Dunia vishakwisha, wazazi wake wametoka hai Auschwitz, kambi ya Manazi ya kuulia Mayahudi, na alikuwa na kaka aliyekufa wakati wa vita ambaye yeye anamjua kwa picha tu. Mama yake akajiua 1968. Huyu mama alikuwa ameandika yaliyomkuta kwenye madaftari, mtoto anayatafuta anayatafuta, mwisho baba anamwambia nliyachoma moto. Lekcha nzima tulikaa hapo! Mwalimu hakutaka tumhukumu baba, katuuliza tu, sasa sauti ya mama humu ndani iko wapi, tukarudi ukurasa kwa ukurasa tukaona karibu kila la mama linatufikia kwa mdomo wa baba. Tokea nimeanza skuli sijapata kusomeshwa kusoma hivo, kusoma kile ambacho hakimo.

Halafu ikaja riwaya ya Gaël Faye ya 2016 kuhusu mtoto anaekulia Bujumbura, baba Mfaransa mama Mnyarwanda. Mama anakwenda Rwanda baada ya mauaji ya 1994 anakuta watoto wa jamaa zake wameuliwa, na akirudi anamuamsha bintiye mdogo usiku anamsimulia alichokiona. Yule binti hakufika huko lakini kashabebeshwa. Hii ilitugusa zaidi kwa sababu si mbali na sisi, Bujumbura Kiswahili kinasemwa mitaani, na kesi za wakubwa wa mauaji yale zilisikilizwa Arusha, pale ndo Akayesu alipotiwa hatiani 1998, mtu wa mwanzo kuhukumiwa na mahkama ya kimataifa kwa kosa la kimbari.

Jengine nililolipenda, wiki ya mwanzo tu wenzetu waliuliza mbona tunaanza na Mayahudi, na Gaza je? Mwalimu hakukasirika wala hakulikwepa, akasema swali halali, akaliandika ubaoni likabaki tunalirudia kila kitabu: nani kapata nafasi ya kusimulia, na watoto wanaokua sasa hivi watarithi nini. Mwalimu wa namna hii ni wa kushikwa mkono.

Sasa asaimenti. Tuliambiwa kila mtu akamhoji mzee wa kwao kuhusu jambo zito la familia ambalo yeye hakulishuhudia, alete maandishi, na alama nyingi zimo hapo. Hapa kwetu Zanzibar mnajua mkono utaangukia wapi, elfu moja mia tisa sitini na nne, mwaka wa Mapinduzi. Hakuna aliesema yale ni kimbari, mwalimu alikuwa makini sana asichanganye, lakini majumba mengi Unguja na Pemba yana mlango ambao haufunguliwi, na wazee wameufunga kwa sababu zao. Mwenzetu mmoja kamuuliza bibi yake, bibi kaingia chumbani hakutoka hata kwa chakula cha usiku, na mama mtu mpaka leo amemnunia mtoto. Hatukufunzwa namna ya kuomba ruhusa, wala kwamba mzee ana haki ya kukataa, wala kumsomea tulichoandika kabla hakijaenda kusahihishwa. Semista nzima tunafunzwa kwamba kimya cha mtu ni chake, halafu tunapewa alama kwa kukivunja! Hili mimi silikubali na nimelisema idarani kwa heshima zote.

Wanaoichukua semista ijayo, hakuna mahala palipoandikwa kama unaweza kubadilisha, lakini unaweza. Mimi niliomba kuandika juu ya yale madaftari yaliyochomwa badala ya kumhoji bibi, nikakubaliwa siku ile ile. Ombeni mapema, kabla hamjapangiwa.