Vibrashi vya kati ya meno kwa fizi zinazotoka damu, uzoefu wangu

Navipa nyota 4 kati ya 5 na naanza na jibu maana najua ndo mnalolitafuta: ndiyo vinasaidia, tena sana, ila kama meno yana ugaga tayari (ule uchafu uliokauka mgumu kwenye jino) nenda kwanza kwa daktari wa meno ukasafishwe ndo uje kuvitumia, la sivyo utalalamika bure.

Nazungumzia vile vibrashi vidogo vya waya vyenye manyoya, unapitisha katikati ya jino na jino. Vyangu ni TePe, kampuni ya Sweden, na rangi ndo saizi yenyewe: pinki milimita 0.4, ya chungwa 0.45, nyekundu 0.5, bluu 0.6 na kuendelea. Usichukue rangi kwa kuipenda, daktari alinipimia akaniambia mbele pinki, kwenye magego nyekundu. Kinatakiwa kipite kwa kubana kidogo, ukiona unalazimisha au waya unapinda shuka saizi.

Sasa kwa nini nilifika huko. Kila nikipiga mswaki mate yanatoka mekundu, na ukiuliza mtaani kila mtu atakwambia una upungufu wa vitamini C, kula machungwa. Kiseyeye, yaani ugonjwa wa kukosa vitamini C, kipo kweli lakini mtu anayekula matunda na mboga kila siku mara nyingi shida yake sio hiyo, ni ule utando laini wa bakteria unaoganda pale jino linapokutana na fizi. Fizi inavimba kwa kupambana nao, mishipa midogo inajaa damu, ukigusa tu inavuja. Utando ukiachwa unashika madini ya kwenye mate unakuwa mgumu kama jiwe, huo ndo ugaga na hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoutoa. Watafiti wa Denmark mwaka 1965 waliwaambia watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno, ndani ya wiki 3 wote fizi zikavimba, waliporudi kusafisha zikapona. Kwa hiyo mtu anayeogopa kusugua sehemu inayotoka damu anauongezea ugonjwa chakula, jamani pale ndo pa kusafisha zaidi, taratibu tu.

Kusafishwa kwenyewe ni kimashine kinachotetemeka na kumwaga maji, mlio wake unakera kuliko maumivu. Baadae maji ya baridi yalinisumbua kidogo na nikaona kama meno yameachana. Hapa ndo watu wanasema kusafisha kunalegeza meno, hapana, ile nafasi ilikuwa imejazwa na ugaga, ukitolewa unaiona.

Nilipewa na maji ya kusukutua ya klorheksidini 0.2%, dawa ya kuua bakteria. Yanasaidia lakini ni ya muda mfupi, usiyafanye ya kudumu, yanaacha madoa ya kahawia kwenye meno na chakula kinapoteza ladha. Na usisukutue papo hapo baada ya mswaki, subiri kama nusu saa maana povu la dawa ya meno linayapunguzia nguvu.

Vibrashi natumia usiku mara moja, kisha mswaki laini dakika 2, nauinamisha kuelekea fizi. Siku za mwanzo damu ilitoka zaidi nikaendelea hivyo hivyo, ikapungua ikapungua mpaka ikaisha. Wiki 2 zikipita unasafisha vizuri na bado inatoka rudi kwa daktari, na kama inatoka yenyewe bila kuguswa au una michubuko mwilini usiyoielewa usikae na mswaki nyumbani, nenda ukapime damu. Wajawazito pia fizi zao zinavimba haraka kwa sababu ya homoni, msiwaambie ni kawaida wavumilie.

Nyota moja nimeitoa kwa bei, na waya ukitumia nguvu unakatika. Meno yaliyobanana kabisa havipiti, hapo ni uzi wa meno tu.

Mama yangu ana kisukari, na sukari ikiwa juu fizi zinaharibika upesi, halafu fizi zikiwa na ugonjwa sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Yeye kwenye clinic alipewa ya kijani, 0.8, maana nafasi zake ni kubwa, na mpini wake mdogo unamtelezea mkononi kwa hiyo namshikia kioo na taa.