Sukari kikombeni au kitafunwa pembeni?

Utie sukari kwenye kahawa, au uinywe chungu na kitafunwa kitamu pembeni?

Kwa ladha, mimi niko upande wa kitafunwa. Tafuna kipande cha keki, kisha piga funda la kahawa chungu ya moto: uchungu unafuta utamu ulioganda ulimini, na kipande kinachofuata kinakolea kama cha kwanza. Sukari ikishayeyuka, kila funda ni lile lile, ingawa huisitiri kahawa iliyokaangwa kupita kiasi.

Kwa gharama na usumbufu sukari inashinda. Haichachi, haihitaji sahani.

Afya ndiyo yenye mambo. Kijiko cha chai kina takriban gramu 4 za sukari, hivyo kimoja si kitu mbele ya keki. Lakini vikombe 4 vya vijiko viwili viwili ni gramu 32, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban 50 kwa siku. Tena ukinywa polepole saa nzima, meno yanaoga sukari muda wote huo.

Kwa hiyo, anayekunywa kikombe kimoja asubuhi mbiombio, kijiko chake kinamtosha. Anayeshinda na kikombe mezani anywe chungu, keki aiweke akiba ya wageni wa alasiri.